Kanisa Kuu la Mkunazini na Utunzaji wa Kumbukumbu Zake

Mkunazini ni mmoja wa mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja, na kama mitaa mingi ya mji huo, ulipata jina lake kwa mti. Mkunazi ni mti wa miiba wenye matunda madogo, na majani yake ndiyo yatiwayo katika maji ya kuoshea maiti. Hapo palipokuwa na mti huo ndipo palipokuwa soko la wazi la watumwa hata mwaka 1873, na hapo ndipo lisimamapo leo Kanisa Kuu la Kristo, la Waanglikana. Wageni wanaoingia ua wa kanisa hili ni wengi, na walio wengi miongoni mwao hawakuja kusali. Wamekuja kuona soko. Soko lenyewe halipo tena. Kwa hiyo mwenye kulitunza kanisa la Mkunazini amepewa amana mbili: jengo la mawe ambalo kila mtu aliona, na mahali pa mnada ambapo hapaonekani ila kwa maneno ya msimulizi. Amana ya kwanza imepata mafundi na fedha. Hii ya pili yataka uangalifu zaidi kuliko iliyoupata.

Habari za kufungwa kwa soko zajulikana vyema. Mwanzoni mwa mwaka 1873 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwa Sultani Barghash bin Said kumtaka akomeshe biashara ya watumwa. Sultani alikataa. Kimbunga cha mwezi wa Aprili 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu na kuvunja merikebu zake, na wenye mashamba walimwambia kwamba bila ya watu wa kupanda upya hapatakuwa na karafuu wala ushuru. Frere akaondoka bila ya mkataba. Ndipo balozi John Kirk alipomjulisha Sultani kwamba manowari za Kiingereza zitaziba bandari yake, na tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa sahihi. Usafirishaji wa watumwa kwa bahari ukakatazwa, na masoko ya watumwa katika nchi za Sultani yakafungwa.

Uwanja wa soko ukawa mtupu, wala haukukaa mtupu muda mrefu. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake UMCA, ilikuwapo Unguja tangu 1864. Padre mmoja wa misheni hiyo, Arthur West, alinunua sehemu ya uwanja kwa mali yake, na sehemu nyingine ilitolewa na tajiri wa Kihindi. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule wa 1873. Aliyelisimamia jengo tangu wazo mpaka paa alikuwa Edward Steere, ambaye mwaka 1874 aliwekwa wakfu kuwa askofu. Ramani ilichorwa na C. F. Hayward, lakini habari nyingi za ujenzi huo zamwonyesha askofu mwenyewe akipanda na kushuka jukwaani pamoja na waashi.

Jambo lililowashangaza watu wa wakati huo ni paa. Nyumba za mawe za Unguja zilipauliwa kwa boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na urefu wa boriti ndio uliokuwa kipimo cha upana wa chumba. Kwa sababu hiyo vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Steere hakutaka boriti. Alifunika kanisa lake kwa zege la mawe ya matumbawe lililopindwa mviringo, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu, lisilo na nguzo katikati. Walikuwapo walioagua kwamba litaanguka siku mbao za kushikilia zitakapoondolewa. Halikuanguka. Mtindo wa jengo ni mchanganyiko: madirisha yaliyochongoka juu kama ya makanisa ya Ulaya, na kuta nene za mawe na chokaa kama za nyumba za jirani. Karibu na mahali pa kubatizia zipo nguzo ambazo, kwa simulizi ya waongozaji, ziliwekwa chini juu na mafundi siku askofu alipokuwa hayupo, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Hadithi hii hupendwa sana na wageni. Saa ya mnara nayo yasemekana kuwa ni zawadi ya Sultani Barghash, yule yule aliyelazimishwa kufunga soko. Na kama ndivyo, basi yaonyesha kwamba uhusiano wa Waislamu na Wakristo katika mji huu haukuwa mwepesi kuelezwa kwa neno moja.

Kabla ya muongo ule wa 1870 kwisha, ibada zilikuwa zikifanywa ndani. Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare hiyo sakafuni lipo duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, nalo laonyesha mahali ambapo, kwa mapokeo ya misheni, palikuwa na mti wa kufungia na kupigia watumwa.

Katika masimulizi ya kawaida habari huishia hapo: soko lilifungwa, kanisa likajengwa, utumwa ukakoma. Tarehe zakataa. Mkataba wa 1873 ulikataza biashara, haukukataza umilikaji. Wakati kuta za kanisa zilipokuwa zikipanda, kumiliki mtumwa kulikuwa halali Unguja, na kuliendelea kuwa halali mpaka amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897. Tena masuria hawakuingizwa katika amri hiyo, wakangoja mpaka 1909. Wanafunzi wa lugha wana ushahidi wao katika jambo hili. Kazi nyingi za mjini za siku zile zilifanywa na vibarua. Leo neno hili lina maana ya mtu wa kazi ya kutwa, lakini asili yake ni barua ndogo, kijikaratasi alichopewa mtumwa aliyekodishwa na bwana wake, ili jioni apokee ujira, na fungu la ujira huo lilikuwa la bwana. Swali la nani waliobeba mawe ya matumbawe mpaka Mkunazini, na kwa ujira wa nani, halina budi kuulizwa na kila anayelieleza jengo hili kuwa ni ukumbusho wa uhuru.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba kwa wasomi wa Kiswahili Mkunazini ina haki nyingine ya kutunzwa, ambayo hutajwa mara chache ndani ya ua wake. Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, akaanza mara moja kukusanya maneno. Mwaka 1870 kilitoka kitabu chake cha sarufi na msamiati wa lugha kama ilivyosemwa Unguja, na mwaka huo huo mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Misheni ilikuwa na matbaa yake, na vijana waliofundishwa kupanga herufi walikuwa aghalabu watoto waliotolewa katika majahazi. Katika mwaka 1888 shule ya Kiungani, iliyokuwa ya misheni hiyo hiyo, ilianza kutoa gazeti la Msimulizi, ambalo ni miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. A. C. Madan alitoa kamusi zake mwaka 1894 na 1903. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, vitabu vilivyokuwa mezani vilikuwa kwa sehemu kubwa ni mavuno ya kazi hiyo. Wamisionari Wakatoliki, waliofika Unguja mwaka 1860, walikuwa na mtu wao pia, Padre Charles Sacleux, aliyeacha kamusi ambayo hata leo haijapata mshindani kwa wingi wa lahaja. Na kanisa lao la Mtakatifu Yosefu, ambalo watu wa mji huliita Minara Miwili, lilijengwa kati ya 1893 na 1898. Lakini hilo ni jambo la makala nyingine.

Sasa juu ya kulitunza jengo. Mawe ya matumbawe ni mepesi na yana vitundu. Hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa wakati wa kiangazi, maadamu yamefunikwa kwa chokaa, ambayo nayo hupumua. Fundi akiyapaka saruji ngumu, maji huingia kwa njia ya ufa yasipate njia ya kutokea, chumvi huganda ndani, na ukuta huoza nyuma ya uso unaoonekana kuwa mzima. Ugonjwa huu ni wa Mji Mkongwe wote. Halmashauri ya kuuhifadhi mji ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, walakini orodha haizuii mvua. Kanisa la Mkunazini liliwekwa na Mfuko wa Makumbusho ya Dunia, wenye makao New York, katika orodha yake ya mwaka 2014 ya mahali panapohitaji kuangaliwa, na kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya likafanyiwa ukarabati mkubwa uliomalizika mwaka 2016. Dayosisi ya Zanzibar ilishiriki, na mafundi wa hapa walipata kujifunza tena kazi ya chokaa, ambayo babu zao waliijua na baba zao wakaiacha kwa ajili ya mfuko wa saruji. Mtu asidhani kwamba hatari ilikuwa ya kufikirika tu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, ilianguka wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea, na watu wawili wakafa.

Pamoja na ukarabati yalifunguliwa maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa, katika jengo la Mtakatifu Monika lililo upande wa ua. Nje lipo shimo la saruji lenye sanamu tano za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Uswidi, iliyowekwa mwaka 1998. Na chini ya jengo hilo la Monika vipo vyumba viwili vya ardhini, vyenye dari ya chini na matundu membamba ya hewa. Hapa ndipo penye shida.

Kwa miaka mingi wageni wameteremshwa katika vyumba hivi na kuambiwa kwamba ndimo watumwa walimofungiwa wakingoja mnada. Hutajwa hesabu yao, hutajwa siku walizokaa bila chakula, huonyeshwa mahali maji ya bahari yalipoingia. Wengi hutoka wakilia. Lakini jengo hilo ni la misheni, na lilijengwa katika muongo wa 1890, miaka kama ishirini baada ya soko kufungwa. Wanahistoria wamekwisha kulisema jambo hili waziwazi: vyumba vilivyochimbwa chini ya nyumba ya wamisionari haviwezi kuwa gereza la soko lililokufa kabla msingi wa nyumba haujawekwa. Yaelekea vilikuwa ghala.

Wako wanaojibu kwamba haidhuru. Watumwa walifungiwa mahali, husema, na kama si hapa ni pengine. Mgeni hupata kuhisi kwa nusu saa jambo ambalo kitabu hakiwezi kumhisisha. Hoja hii ina nguvu yake, na wanaoitoa si watu wa hila. Wengi wao ni waongozaji waliorithi simulizi hiyo kwa waliowatangulia. Hata hivyo haifai kukubaliwa, kwa sababu ya mahali pa utumwa katika siasa za Unguja. Katika miaka ya kabla ya Mapinduzi ya 1964 kumbukumbu ya utumwa ilitumiwa majukwaani kama silaha, na tangu hapo wamekuwapo watu ambao, kwa kuichukia silaha hiyo, wamekuwa tayari kusema kwamba utumwa wa Unguja ulikuwa mwepesi, au kwamba habari zake zilitungwa na wamisionari. Anayemwonyesha mgeni chumba cha uongo humpa mtu wa namna hiyo ushahidi anaoutaka. Chumba kimoja kikikanushwa, soko zima litakanushwa pamoja nacho.

Wala hakuna haja ya chumba hicho. Utumwa wa Unguja una ushahidi usiohitaji kupambwa. Katika miaka ya 1860 watu waliopitishwa katika forodha ya Unguja kwa mwaka mmoja walikadiriwa kuwa kati ya 15,000 na 20,000, na Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya uchumi wa Unguja, ameonyesha kwamba wengi wao hawakupelekwa Arabuni kama ilivyodhaniwa zamani. Walibaki hapa hapa, katika mashamba ya karafuu na ya nafaka. Jambo hili ni zito kuliko giza la ghala. Lamweka mtumwa shambani Unguja na Pemba, na kati ya mababu wa watu wanaopita mbele ya lango la kanisa kila siku.

Upo tena ushahidi wa msamiati. Mgeni husikia neno moja tu, mtumwa. Kiswahili cha wakati ule kilikuwa na ngazi nzima. Aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga, neno ambalo sasa halina maana ila ya upumbavu. Aliyezaliwa pwani katika utumwa alikuwa mzalia, naye alijiona bora kuliko mjinga. Palikuwa na mtwana na mjakazi, palikuwa na suria ambaye mtoto wake alizaliwa huru kwa baba, palikuwa na mtoro, na palikuwa na mahuru aliyekwisha kuandikiwa hati. Kila jina lilikuwa na haki zake na aibu zake, na mtu aliweza kupanda au kushuka katika maisha yake. Orodha hii ya maneno, ikiandikwa ukutani pamoja na maana zake kama zilivyokuwa katika kamusi za Steere na Madan, ingemfundisha mgeni mengi zaidi kuliko mnyororo. Mwenyeji ingemfundisha zaidi, maana baadhi ya maneno hayo yangali kinywani mwake kama matusi.

Na wapo watu wenyewe, kwa majina yao. John Swedi alikuwa mmoja wa wavulana watano walionyang'anywa katika jahazi, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa Askofu Tozer mwaka 1864. Mwaka 1879 alipewa ushemasi. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alipata upadre mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufika daraja hilo. Mwaka 1887 Madan alichapa kwa Kiingereza habari zilizoandikwa na wavulana wa Kiungani, kila mmoja akieleza alivyokamatwa, njia aliyopita, mikono aliyouzwa, na siku alipoona bahari kwa mara ya kwanza. Ni lazima zisomwe kwa hadhari, kwa kuwa waandishi walikuwa wanafunzi wakiandika kwa macho ya walimu wao, na mwisho wa kila habari wajulikana kabla ya kuanza. Lakini katikati yake mna mambo ambayo mwalimu hakuyauliza: bei ya mtoto kwa vitambaa, jina la mama, mchezo walioucheza siku ya kutekwa. Kuyarudisha maneno hayo katika Kiswahili, lugha yalimoandikwa kwanza, na kuyaweka mahali ambapo mtoto wa shule wa Unguja aweza kuyasoma, ni kazi ya utunzaji sawa na kuziba ufa wa paa, tena ya gharama ndogo.

Mtoto huyo wa shule ndiye hasa asiyefikiriwa. Watu wa Unguja karibu wote ni Waislamu, na kwa wengi ua wa Mkunazini ni mahali pa Wazungu na waongozaji wao, hapana kwao. Kuufungua urithi kwa watu, kama maneno haya yana maana, ni kuufungua kwanza kwa jirani. Kanisa lenyewe lingali kanisa. Kila Jumapili husomwa ibada ndani yake kwa Kiswahili, na hakuna sababu ya kulificha jambo hilo. Hata hivyo kisa cha soko ni cha mji mzima: madalali, wanunuzi, waliouzwa, Wahindi waliokopesha fedha, Waingereza ambao nguo na karafuu zao zilikuwa katika hesabu hizo hizo, na wazee wa bara waliouza mateka wao. Hakuna dini moja wala kabila moja linaloweza kukisimulia peke yake na likakisimulia sawa.

Ndani ya kanisa, karibu na mimbari, upo msalaba mdogo wa mbao. Umechongwa katika mti wa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Yeye alifariki tarehe 1 Mei 1873, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya mkataba, na habari za kifo chake zilifika pwani muda mrefu baada ya soko kufungwa. Mgeni akiona msalaba huo husikia jina la Livingstone. Chuma na Susi, walioongoza msafara uliouchukua mwili wake mpaka Bagamoyo, wote wawili walimaliza maisha yao katika mji huu wa Unguja: Chuma mwaka 1882, mwaka aliofariki Steere, Susi akabatizwa mwaka 1886 kwa jina la David, akafariki mwaka 1891.